Kilo za lumbesa zinavyolipiwa barabarani

MFANYABIASHARA anayenunua viazi mviringo Njombe na kuvipeleka Dar es Salaam huhesabu magunia. Dalali anayempokea sokoni Mabibo huhesabu magunia. Mwenye lori hutoza nauli kwa gunia, makuli hulipwa kwa gunia, na karani wa halmashauri aliyekaa kwenye kizuizi cha ushuru huandika stakabadhi ya magunia. Katika safari nzima ya zaidi ya kilometa 600, mtu wa kwanza kuuliza mzigo huo una kilo ngapi ni mpimaji wa kituo cha mizani cha Wakala wa Barabara nchini (TANROADS). Na hapo ndipo hesabu za wengi huharibika.

Kwa miaka mingi ubishi kuhusu uzito wa malori umeendeshwa kana kwamba una pande mbili tu: Serikali inayolinda lami yake na wasafirishaji wanaolinda faida yao. Hesabu ya mzigo wa mazao inaonyesha kitu kingine. Uzito unaozidi mara nyingi haumfaidi hata huyo mwenye lori anayetozwa faini. Umezaliwa shambani, ndani ya gunia la lumbesa, katika eneo ambalo halmashauri ya wilaya ndiyo yenye soko, yenye kizuizi na yenye sheria ndogo. Mizani ya barabara kuu inakuja kukamata jambo ambalo lingeweza kumalizwa kwa mizani ndogo ya sokoni kabla gari halijawashwa.

Sheria ya msingi ni ile ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na kanuni za uzito wa magari za mwaka 2001. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kutumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ili lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali au Bujumbura lipimwe kwa kipimo kile kile njia nzima. Gari la mizigo au abiria linalozidi tani 3.5 linatakiwa kupita kwenye mizani. Uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56, na hizo ni kwa gari lenye ekseli saba.

Tani 56 ndizo zinazokumbukwa na kila mtu. Kinachosahaulika ni ekseli. Ekseli ya usukani hairuhusiwi kuzidi tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne mwisho wake ni tani 10, ekseli mbili zilizofuatana ni tani 18, na tatu zilizofuatana ni tani 24. Ukijumlisha utaona kwamba semi-tela ya ekseli sita mwisho wake ni tani 50, na lori la ekseli mbili, hizi Fuso zinazobeba sehemu kubwa ya chakula kinacholiwa mijini, mwisho wake ni tani 18. Gari linaweza kuwa chini ya uzito wa jumla na bado likakamatwa kwa sababu ekseli moja imeelemewa.

Mfano wa hesabu utalionyesha hili vizuri zaidi. Chukua Fuso linalopima tani 6 likiwa tupu, tani 3 mbele na tani 3 nyuma. (Kila gari lina vipimo vyake, hizi ni namba za kufanyia hesabu.) Mfanyabiashara anapakia magunia 100 ya viazi. Kama kila gunia lina kilo 100, mzigo ni tani 10 na gari zima ni tani 16, yaani tani mbili chini ya ukomo. Lakini bodi ya lori imekaa zaidi juu ya ekseli ya nyuma. Robo tatu ya mzigo ikilalia nyuma, ekseli hiyo itakuwa na tani 10.5. Tayari imezidi nusu tani, na mwenye mzigo anaapa kwamba hakuzidisha kitu.

Sasa weka lumbesa. Magunia ni yale yale 100, ila kila moja limeongezewa kilemba cha wavu na kushonwa juu, na lina kilo 130. Mzigo umekuwa tani 13, gari zima tani 19, na ekseli ya nyuma ina tani 12.75. Kwa uzito wa jumla lori limezidi tani moja. Kwa ekseli limezidi tani mbili na robo tatu. Stakabadhi zote alizonazo dereva, ya mkulima, ya ushuru na ya mwenye mzigo, zinasema kitu kimoja: magunia 100.

Kwenye mizani dereva hana la kueleza. Tozo ya uzito uliozidi huhesabiwa kwa dola za Marekani, na haipandi kwa kipimo kile kile mwanzo hadi mwisho: tani ya pili iliyozidi ni ghali kuliko ya kwanza. Aidha, gari haliruhusiwi kuendelea mpaka mzigo uliozidi ushushwe au upangwe upya. Mwenye mbao anaweza kushusha na kurudi kesho. Mwenye viazi, nyanya au ndizi anaanza kuhesabu saa. Mzigo unaoshushwa kandokando ya mizani huuzwa kwa bei ya mnunuzi, si ya muuzaji, na kila mchuuzi wa eneo lile analijua hilo.

Nani basi alifaidika na zile tani tatu? Mkulima hakufaidika, kwa maana ameuza tani 13 kwa bei ya magunia 100. Mwenye lori naye, kinyume cha dhana ya wengi, hakufaidika. Tuseme nauli ni sh. 10,000 kwa gunia. Kwa gunia la kilo 100 anabeba kilo moja kwa sh. 100. Kwa lumbesa ya kilo 130 anabeba kilo ile ile kwa takriban sh. 77. Amepunguza nauli yake kwa asilimia 23 bila mtu kumwomba punguzo, na juu yake ameongeza matairi, springi na dizeli, kisha jina lake ndilo linaloandikwa kwenye karatasi ya faini. Makuli amebeba kilo 130 mgongoni kwa ujira wa gunia moja, wakati pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja.

Anayefaidi ni mnunuzi wa kati, yule anayenunua kwa gunia shambani na kuuza rejareja kwa kilo, kwa debe au kwa sado mjini. Hata yeye hufaidi pale tu lori linapopita salama. Kwa hiyo lumbesa ni aina ya kamari ambayo dau lake limewekwa na watu wengine.

Asilimia tano iliyosimamisha malori

Oktoba 2013 Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Dk. John Magufuli, alifuta nafuu ya asilimia 5 ambayo kanuni za mwaka 2001 ziliitoa kwa magari yaliyozidi kidogo. Wenye malori waligoma. Foleni za magari yaliyoegeshwa zilijaa karibu na mizani ya Kibaha, shehena ya bandarini ikakwama, na siku chache baadaye Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, akasitisha uamuzi huo.

Wasafirishaji walikuwa na hoja. Mizani mbili hazipimi sawasawa hata zikiwa nzima. Mzigo huhama lori linapopanda na kushuka milima. Magunia yakilowa mvua huongezeka uzito, na tope linaloganda chini ya gari nalo lina kilo zake. Nafuu iliwekwa kufidia mambo hayo. Upande wa Serikali nao ulikuwa na hoja: nafuu ikizoeleka hugeuka kuwa sehemu ya kipimo. Mtu anayejua kwamba tani 10 zitapita hata zikiwa 10.5, atapakia 10.5 kutoka nyumbani, na mvua ikimkuta njiani ataomba nafuu nyingine.

Jambo ambalo halikuelezwa vya kutosha katika ugomvi ule ni namna barabara inavyoumia. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walifanya majaribio makubwa katika jimbo la Illinois, ambako malori yenye uzito tofauti yalizungushwa juu ya vipande vya barabara mpaka vikachakaa. Kanuni iliyotokana na majaribio hayo, na ambayo bado wahandisi wanaitumia kama kipimo cha haraka, ni kwamba uharibifu hukua kwa uzito wa ekseli uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ikiongezeka uzito maradufu, uharibifu hauwi mara mbili bali mara 16.

Kwa kipimo hicho, asilimia 5 ya uzito uliozidi ni takriban asilimia 22 ya uharibifu uliozidi. Ile ekseli ya lumbesa yenye tani 12.75 inaumiza lami mara 2.6 kuliko ekseli halali ya tani 10. Maana yake ni kwamba malori matatu ya namna hiyo yanakula barabara kama karibu malori manane yaliyopakiwa kwa kanuni. Barabara iliyosanifiwa kudumu miaka 20 inaanza kuwekewa viraka kabla mkopo ulioijenga haujafika katikati.

Kutoka mwaka 2013 hadi leo mizani zenyewe zimebadilika. Kituo cha Kibaha kilipunguziwa kazi baada ya kujengwa kituo cha Vigwaza, ambacho kina mtambo wa kuchuja magari yakiwa katika mwendo, ili yale yaliyo ndani ya kipimo yasipange foleni pamoja na yaliyozidi. Kwa mfanyabiashara hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosemwa, kwa kuwa foleni ni gharama hata kwa asiye na kosa. Tena, malalamiko ya rushwa kwenye mizani ni ya siku nyingi, na kila hatua inayopunguza mazungumzo kati ya dereva na mpimaji inapunguza nafasi ya jambo hilo. Lakini mtambo wa Vigwaza hauwezi kufanya lolote kuhusu kilichotokea katika kilometa za kwanza za safari.

Barabara ya wilaya haina mizani

Kilometa hizo za kwanza ndizo za halmashauri, au zilikuwa. Barabara za kitaifa, zinazozidi kilometa 36,000, ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, vijijini na mijini, ambazo sasa zinazidi kilometa 140,000, zilikuwa chini ya wahandisi wa halmashauri mpaka Julai 2017, zilipohamishiwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Nyingi ni za udongo na changarawe. Kwa muda mrefu mgawo wa Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 70 kwa barabara za kitaifa na asilimia 30 kwa za wilaya, na mwaka 2021 Bunge likaongeza sh. 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya hizi za wilaya. Mwenye lori, kwa maneno mengine, analipia barabara hizo kila anapojaza tangi.

Katika njia nyingi za wilaya na za mitaa ya miji kuna kibao kinachoonyesha kwamba mwisho ni tani 10. Hizo ni tani za gari na mzigo wake. Lile Fuso la mfano, hata likiwa na magunia ya kilo 100 yaliyopimwa vizuri, lina tani 16. Kwa kufuata kibao, linaruhusiwa kutoka kijijini na tani nne tu za viazi. Hakuna mfanyabiashara atakayefanya hivyo, na hakuna anayemzuia, kwa sababu katika barabara hizo hakuna mizani. Kibao kimebaki kuwa ushauri.

Wakati wa kiangazi mambo huenda. Masika yakifika, barabara ile ile iliyopitisha tani 19 mwezi Agosti inakatika kwa mara moja, na bei ya gunia shambani inaanguka kwa kuwa hakuna gari linalofika. Wakulima wa vijiji vya ndani ndio hukatwa fedha hizo, ingawa hakuna anayeziandika popote kama faini. Wanunuzi hutaja ubovu wa njia kama sababu ya kutoa bei ndogo, na hawasemi uongo. Wanachoacha kusema ni nani aliyeiharibu.

Mgawanyo wa mwaka 2017 ulikuwa na sababu zake, na hakuna anayedai kwamba wahandisi wa halmashauri walikuwa wakizitunza vizuri barabara zile. Hata hivyo ulileta hali ya ajabu kidogo. Kabla ya hapo, karani wa ushuru wa mazao na mhandisi wa barabara walikuwa waajiriwa wa ofisi moja, na shimo lililochimbwa na lori lililipwa kutoka kwenye kabati lile lile lililopokea ushuru. Sasa halmashauri inakusanya kwenye gunia, na TARURA inafukia shimo. Anayepata fedha kwa mzigo kutoka haraka hahusiki tena na njia unayopita.

Lakini halmashauri nayo inapoteza, na hapa ndipo wenyeviti na wakurugenzi wa wilaya za mazao wangetakiwa kukaa na kalamu. Ushuru wa mazao kisheria ni asilimia ya thamani. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwenye kizuizi, hata hivyo, kinachotozwa aghalabu ni gunia. Tuseme ni sh. 1,000 kwa gunia. Lori la lumbesa 100 linalipa sh. 100,000, wakati viazi vilivyomo ni vya magunia 130 na vilitakiwa kulipiwa sh. 130,000. Kizuizi kinachopitisha malori 20 kwa siku katika msimu wa siku 90 kitakuwa kimeacha sh. milioni 54 zipite mbele ya macho yake. Kwa kiasi hicho halmashauri ingenunua mizani za jukwaa za kutosha masoko yake ya mnada na chenji ikabaki.

Sheria ya kuifanya kazi hiyo ipo. Sheria ya Vipimo imeweka kilo 100 kuwa mwisho wa gunia la mazao, na Wakala wa Vipimo ndio msimamizi wake. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982. Kinachokosekana ni tamaa ya kuwa wa kwanza. Wilaya moja ikikaza, wanunuzi huhamia wilaya ya pili, na diwani anayesimamia kipimo hushitakiwa na wapigakura wake kwamba amefukuza wateja.

Kenya imekwisha kulipitia jambo hili. Kanuni zake za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia la kilo 50, na serikali za kaunti zikahesabiwa kuwa mstari wa mbele katika kuzisimamia. Tatizo lililojitokeza ni hilo hilo la jirani: kaunti iliyofunga mlango iliona malori yakizunguka kwenda kwenye kaunti iliyouacha wazi. Fundisho kwa mikoa ya Njombe, Mbeya na Iringa ni kwamba kipimo cha wilaya moja hakitashika kama wilaya zinazolima zao lile lile hazitaanza pamoja, tena kwa msimu mmoja.

Breki za Kitonga

Mpaka hapa hesabu imekuwa ya shilingi. Kuna nyingine. Mzigo wa Nyanda za Juu Kusini lazima ushuke mlima Kitonga ili ufike Dar es Salaam. Joto linalozalishwa na breki katika mteremko hupanda sawasawa na uzito: lori lililozidi asilimia 20 linazipa breki zake joto lililozidi asilimia 20, na breki zilizopata moto kupita kiasi huacha kushika hata kama ni mpya. Dereva mzoefu hushuka kwa gia nzito tangu juu. Dereva aliyechelewa mizani saa sita, na aliyeahidiwa bonasi akifika alfajiri, hushuka kwa matumaini. Tena dereva wa lumbesa anashuka bila kujua amebeba nini. Anadhani ana tani 10.

Lori lililopakiwa juu kupita kiasi lina ubaya mwingine, nao ni kwamba kitovu cha uzito wake kimepanda. Lumbesa huongezewa juu, na gari linalobeba magunia marefu linakuwa refu pia. Kwenye kona ambayo mzigo wa kawaida ungeegemea kidogo tu, huo unaanguka.

Na yapo mashimo yenyewe. Machi 2015, eneo la Changarawe karibu na Mafinga, kontena lililokuwa juu ya lori liliangukia basi la abiria na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Taarifa za siku zile zilieleza kuwa lori lilikuwa likikwepa shimo. Hapa hoja si uzito wa lori lile, ambao haukutajwa kuwa ndio chanzo. Hoja ni kwamba shimo katika barabara kuu ni deni lililoachwa na magari mengi yaliyotangulia, na anayekuja kulilipa anaweza kuwa abiria aliyekata tiketi yake asubuhi na ambaye hajawahi kuuza hata kiazi kimoja.

Mwekezaji mdogo, yule mtumishi au mwenye duka anayechukua mkopo kununua Fuso lililotumika, anafaa kuyatazama haya kabla ya kutia saini. Hesabu za biashara ya lori zinazopigwa barazani huanza na idadi ya safari kwa mwezi ukizidisha kwa nauli ya magunia. Marejesho ya benki hayangoji, na ndiyo yanayomsukuma mwenye gari kukubali mzigo wowote. Lakini akipanga nauli kwa kilo badala ya gunia, lile punguzo la asilimia 23 linarudi mfukoni mwake, na mwenye mzigo ndiye anayepata sababu ya kupunguza lumbesa. Wasafirishaji wa saruji na mafuta hawajawahi kutoza kwa mfuko wa kukisia. Ni mazao tu.

Mkataba wa usafirishaji, hata wa ukurasa mmoja, nao ni wa lazima. Wengi hufanya kazi hii kwa simu na kuaminiana, na linapokuja suala la tozo kila upande humtazama mwenzake. Andiko likisema kwamba mwenye mzigo ametangaza kilo kadhaa na kwamba kilo zitakazozidi hapo ni juu yake, dereva atakuwa na kitu cha kuonyesha. Vile vile masharti ya bima yasomwe hadi mwisho, hasa sehemu inayohusu gari lililokuwa likitumika kinyume cha sheria wakati wa ajali. Ni maandishi madogo, na huwa yanasomwa siku ya msiba.

Wanaosema kwamba kupima shambani hakuwezekani watazame upande wa pili wa bandari. Tangu Julai 1, 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa safari za baharini zinataka kila kontena linalopakiwa melini liwe na uzito uliothibitishwa kabla halijainuliwa. Msafirishaji wa parachichi wa Njombe anayeuza Ulaya ameshazoea: bila karatasi ya uzito, kontena lake linabaki bandarini. Parachichi na viazi hutoka wilaya ile ile, wakati mwingine shamba lile lile, na hupita barabara ile ile ya TARURA hadi kwenye lami. Moja linapimwa kwa sababu nahodha amekataa kubeba asichokijua. Dereva wa Fuso bado hajakataa, na mpaka sasa hakuna halmashauri inayomdai karatasi ya kilo anapofika kwenye kizuizi chake.